Sumu Isiyouma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyaruai alifagia duka la mama yake. Lilikuwa duka dogo karibu na soko la Kitale, na humo mama yake, Mary Ann, alishona ndala za ngozi na kuzipamba kwa shanga. Shanga zina tabia ya kutoroka. Ziliviringika chini ya meza na kujificha kwenye nyufa za sakafu, na Nyaruai alizifukuza kwa ufagio mpaka zikajitokeza. Miaka yote alizirudisha kwenye mikebe ya mama. Muhula huo aliomba apewe.

"Za nini tena?" mama aliuliza, uzi ukiwa kati ya meno yake.

"Za mradi wa sayansi, Mama. Natengeneza sumu."

Mama aliutoa uzi mdomoni. "Unatengeneza nini?"

Nyaruai alicheka hadi akaegemea mlango. Alipenda sana kuwaona watu wakishtuka namna hiyo. "Ni mfano tu, Mama. Sumu ya shanga. Haiumi mtu."

"Basi chukua zilizoanguka. Zilizo mkebeni usiziguse, na uende shule sasa hivi."

Nyaruai alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa Gredi ya Nane. Katika somo la sayansi hakuna aliyemfikia. Alijua hivyo, na wenzake walijua kwamba anajua. Mwalimu akiuliza swali, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha, na wakati mwingine alianza kujibu kabla hajaruhusiwa.

Mradi wenyewe ulitoka kwa mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Chelagat. Shule kadhaa za Trans-Nzoia na Bungoma zilikuwa zimealikana kwa maonyesho ya sayansi ambayo yangefanyika katika ukumbi wa shule moja mjini Bungoma, Jumamosi moja kuelekea mwisho wa muhula. Nyaruai alipangiwa kufanya kazi pamoja na Mukhisa, mvulana mpole aliyeketi naye dawati moja, fundi wa kukata na kubandika. Waliamua kuonyesha jinsi chanjo inavyofanya kazi ndani ya mwili wa mtoto mchanga.

"Bakteria wa ugonjwa wa dondakoo hutoa sumu kali," Mwalimu Chelagat aliwaeleza. "Sumu hiyo ni protini, na protini ni kama uzi mrefu wa shanga uliokunjwakunjwa. Shanga zenyewe huitwa asidi amino. Katika sumu hii ziko zaidi ya mia tano. Sasa sikilizeni maajabu. Wanasayansi walipata sumu ya aina hiyo ambayo katika uzi wake wote, shanga moja tu ni tofauti. Moja! Na kwa sababu ya hiyo moja, sumu haiwezi tena kuua seli. Umbo ni lile lile, lakini imeng'oka meno."

"Kwa hiyo wakaitupa?" Mukhisa aliuliza.

"Waitupe? Waliifuga. Leo imo katika baadhi ya chanjo, na kazi yake ni kuamsha kinga ya mtoto."

Tangu siku hiyo Nyaruai hakuwa na neno jingine. Alitunga shanga nyeupe asubuhi, akatunga jioni, na alipofika mahali panapofaa akaingiza shanga moja nyekundu. Aliwaeleza majirani, akamweleza muuza mboga, akamweleza hata kinyozi aliyekuwa akimnyoa baba yake, Bwana Kinyua. Baba alikuwa mfanyabiashara wa viazi, mtu wa maneno machache. Aliketi kimya chini ya ile mashine ya kunyoa, akimsikiliza binti yake.

Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipofika, baba alimpeleka Nyaruai kwa shangazi yake huko Kabuchai. Shangazi Nyambu alikuwa dada yake baba. Aliolewa na Bwana Wanjala, mkulima wa miwa na mahindi, na mapema mwaka huo walikuwa wamejaliwa mtoto wa kike aliyeitwa Linet. Waliishi boma moja na mama yake Wanjala. Watoto wote wa hapo walimwita mama huyo Kukhu Sellah, maana kukhu ndiyo nyanya kwa lugha ya kwao.

Alasiri ya siku ya pili, wanawake walikuwa uani wakipukuchua mahindi. Jirani mmoja, Nasambu, alikuja na mtoto wake mchanga pia, na mazungumzo yakaelekea kwenye watoto.

"Wiki ijayo nampeleka Linet kliniki," alisema Shangazi Nyambu. "Ana chanjo."

Nyaruai aliweka gunzi chini. "Shangazi, unajua kuna nini ndani ya hiyo chanjo?"

"Dawa, si ndiyo?"

"Sumu! Sumu ya bakteria."

Mikono yote ilisimama. Punje chache zilianguka kwenye gunia, kisha kukawa kimya.

"Ati sumu?" Nasambu aliuliza, akimvuta mtoto wake karibu na kifua.

"Sumu kabisa. Tumesoma shuleni. Mimi hata nimeitengeneza kwa shanga."

Macho yote yalikuwa kwake. Kukhu Sellah, mwanamke ambaye watu wazima waliinuka kumpisha kiti, alikuwa akimtazama yeye, msichana wa miaka kumi na mitatu. Nyaruai alihisi kana kwamba amesimama jukwaani. Aliacha kimya kile kiendelee kidogo, kwa sababu kilimpendeza. Alitaka kukifurahia kwanza ndipo amalizie maelezo.

Lakini mvua haikumsubiri. Matone makubwa yalianza kupiga mabati, na kila mtu akakimbilia mahindi. Magunia yalivutwa barazani, kuku wakafukuzwa, Nasambu akamfunika mtoto na kukimbia kwake. Jioni Nyaruai alikumbuka kwamba hakumaliza maneno yake. Akajiambia si neno. Asubuhi baba akaja kumchukua.

Siku zikapita. Maonyesho yalikuwa yamebaki siku chache, na sumu ya shanga ilikuwa tayari, imekunjwa vizuri juu ya ubao, ikimetameta. Mukhisa alikuwa ametengeneza seli za damu kwa maboksi na pamba. Jumatano jioni, familia ikiwa mezani, simu ya baba ililia. Alikuwa Shangazi Nyambu, na baba aliiweka simu mezani ili wote wamsikie.

"Kaka, nina shida," sauti ya shangazi ilisema. "Linet hajachanjwa. Siku ya kliniki imepita. Mama mkwe amekataa kabisa."

"Amekataa kwa nini?"

"Anasema hawezi kukubali mjukuu wake atiwe sumu. Anasema mtoto msomi wa Kitale ndiye aliyetuambia. Nasambu naye hakwenda. Na maneno yamesambaa, Kaka, hata kina mama wa upande wa mtoni wanauliza. Juzi mtoto wa kijiji jirani amelazwa Bungoma, ana homa ya mapafu. Nimeshikwa na hofu. Lakini nitampingaje mama mkwe nyumbani kwake? Kliniki nyingine ni Ijumaa hii."

Nyaruai alikuwa ameshika kijiko. Alikitua polepole.

Simu ilipokatika, baba alimgeukia. Hakupandisha sauti. "Uliwaambia hivyo?"

"Ndiyo, Baba. Lakini si uongo. Mwalimu mwenyewe..."

"Sikukuuliza kama ni uongo."

Nyaruai aliinamisha kichwa. Aliiona tena ile sura ya Nasambu akimvuta mtoto wake kifuani, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba ile haikuwa sura ya mtu aliyestaajabu. Ilikuwa sura ya mtu aliyeogopa.

Kesho yake alimwendea Mwalimu Chelagat maabarani na kumweleza kila kitu bila kujitetea. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Uliwapa nusu ya habari," alisema, "tena ile nusu ya kutisha. Ile nusu ya kuokoa ukabaki nayo mwenyewe."

"Nataka kuwapelekea, Mwalimu. Kliniki ni kesho. Baba amekubali kunipeleka."

Mwalimu Chelagat alivua miwani yake. "Kesho ni mazoezi mbele ya mwalimu mkuu. Unajua utaratibu tuliouweka. Atakayefanya mazoezi ndiye atakayesimama mbele ya waamuzi. Siwezi kukubadilishia utaratibu kwa sababu wewe ni hodari, wengine watasemaje?"

Nyaruai alijua. Kwa wiki nyingi alikuwa amejiona akisimama kwenye ukumbi ule wa Bungoma, kijiti mkononi, akielekeza shanga yake nyekundu.

Mukhisa, aliyekuwa akipaka gundi pembeni, alisema, "Si unaweza kuwapigia simu tu?"

"Niliwaambia uso kwa uso," Nyaruai alijibu. "Na kwa simu Kukhu Sellah hatanisikiliza. Wewe utazungumza Jumamosi, Mukhisa."

"Mimi? Bana, mimi huwa natetemeka!"

"Utaweza. Kila kitu unakijua."

"Basi angalau ubebe zile shanga uwaonyeshe."

Nyaruai aliutazama ule ubao unaometameta, kazi ya muhula mzima. "Utazihitaji kwa mazoezi," alisema, na akatoka kabla hajabadili nia.

Ijumaa walidamka mapema. Pikapu ya baba, yenye harufu ya viazi na udongo, iliwapitisha Kiminini na Kamukuywa, wakakata kwenda Kimilili hadi Chwele, na jua lilipoanza kupasha joto walikuwa wamefika Kabuchai. Njia nzima baba hakusema mengi. Walipokaribia boma tu ndipo alipouliza, "Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Siku ile hukuogopa hata kidogo."

Kukhu Sellah alikuwa ameketi barazani, Linet amelala mapajani mwake. Nyaruai alipiga magoti kumsalimu.

"Mulembe, Kukhu."

"Mulembe, mjukuu wangu. Leo si likizo. Kuna nini?"

"Nimekuja kumaliza maneno yangu, Kukhu. Siku ile niliyaacha nusu, na kosa ni langu."

Shangazi Nyambu alitokea jikoni akifuta mikono. Bwana Wanjala alisimama nyuma ya ng'ombe wake, akijifanya anafunga kamba. Muda si muda Nasambu naye akaingia langoni na mtoto mgongoni, kwa maana pikapu ngeni kijijini haijifichi.

"Mimi sikusoma sana," alisema Kukhu Sellah, "lakini sumu naijua. Kuna dawa yangu ya kuua dumuzi wa mahindi. Naiweka juu kabisa, mahali ambapo hata mimi naifikia kwa shida. Mtu akiniambia kuna sumu kwenye sindano ya mtoto, unataka nifanye nini? Nimpeleke?"

"Hapana, Kukhu. Kwa vile nilivyosema, ulifanya sawa kukataa. Naomba uniazime mahindi kidogo."

Kukhu aliinua nyusi, kisha akamwashiria Wanjala. Sahani ya mahindi meupe ikaletwa. Nyaruai alitandika gunia chini na kuanza kupanga punje moja baada ya nyingine, mstari mrefu unaojipinda kama njia ya konokono. Watoto wa boma walikuja kumsaidia bila kuombwa.

"Hii ndiyo sumu ya bakteria wa dondakoo," alisema. "Ni mnyororo kama huu, mrefu kuliko huu. Hivi ulivyo, unaua. Unaingia ndani ya seli na kuizuia isifanye kazi yake, seli inakufa. Sasa, Nasambu, nisaidie kwa maharagwe. Moja tu."

Nasambu aliingia jikoni akamletea haragwe jekundu. Nyaruai aliondoa punje moja ya mahindi katikati ya mstari na kuliweka haragwe mahali pake.

"Hapa ndipo palipokuwa jino la sumu. Limeng'oka. Mnyororo umebaki na umbo lake, lakini hauwezi tena kuua seli. Hii, Kukhu, ndiyo inayotiwa kwenye chanjo. Ile yenye jino haitiwi."

"Kama haina kazi tena, mbona itiwe?" aliuliza Kukhu Sellah. Halikuwa swali la mtu mjinga, na Nyaruai alilipokea kwa furaha, maana hapo ndipo palipokuwa na utamu.

"Kwa sababu ya adui mwingine. Kuna bakteria wa homa ya mapafu. Huyo ni mjanja, amejifunika koti la sukari." Alichukua kipande cha muwa kilichokuwa karibu na mlango, akakiweka kwenye gunia. Watoto wakacheka. "Sukari yake si tamu kama hii, lakini ni sukari. Ndani ya damu yetu kuna askari. Mtu mzima askari wake ni wazoefu, lakini wa mtoto mchanga wakiona sukari, wanaipuuza. Adui anapita mlangoni na koti lake, hakuna anayepiga kelele."

Kukhu Sellah alikuwa ameacha kumpapasa mtoto. "Homa ya mapafu," alisema polepole. "Ilimchukua mwanangu, yule aliyezaliwa kabla ya Wanjala. Alikuwa hajaanza kukaa."

Nyaruai hakujua habari hiyo. Alitamani kusimamisha maelezo, lakini Kukhu alimwashiria kwa kidevu. "Endelea. Huyo adui wanamfanyaje?"

"Wanasayansi huchukua kipande cha lile koti tu, bila adui mwenyewe," alisema Nyaruai, sauti yake ikiwa imeshuka. Alitoa uzi mfukoni, akafunga kipande cha muwa pamoja na gunzi moja. "Wanakifunga na ile sumu isiyouma. Gunzi hili ndilo sumu. Sasa askari wa kwanza anakamata sukari. Akiimeza, anameza na protini iliyofungwa nayo. Anaikatakata, halafu kipande chake anakibandika nje ya mwili wake ili mkubwa wake akione. Mkubwa huyo hajui kusoma sukari, Kukhu. Anasoma protini tu. Akikiona kile kipande anasema, 'Alaa! Huyu ni mgeni kweli!' Ndipo anatoa amri. Tengenezeni silaha za kushika koti hili! Zinaitwa kingamwili. Tena anaamuru wengine wakumbuke, ili siku adui mwenyewe akija na koti lake, wawe tayari."

"Kwa hiyo sumu ndiyo inayoamsha mkubwa," alisema Bwana Wanjala, ambaye sasa alikuwa amemwacha ng'ombe kabisa.

"Ndiyo, Mjomba. Bila ya hiyo, mkubwa hajui lolote."

Kukhu Sellah aliinama, akalitazama lile haragwe jekundu kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Na nani anahakikisha jino halioti tena? Wakikosea siku moja huko wanakoitengeneza, wakaweka ile yenye meno?"

Nyaruai alifungua mdomo. Maneno mengi yalimjia, maneno makubwa ambayo yangeweza kumridhisha mtu yeyote aliye kijijini hapo. Aliyameza yote.

"Hilo silijui, Kukhu," alisema. "Sijafundishwa. Nikikujibu nitakuwa nabahatisha. Twende kliniki tumuulize muuguzi. Akikosa jibu la kukutosha, urudi na mtoto wako."

Kukhu Sellah alimtazama machoni. Kisha akamkabidhi Shangazi Nyambu mtoto na kuinuka. "Niletee leso yangu nzuri," alisema. "Naenda kuuliza tu. Sijasema nimekubali."

Kliniki haikuwa mbali. Muuguzi aliyekuwa zamu aliitwa Hillary, kijana mrefu mwenye sauti ya utulivu. Alisikiliza swali la Kukhu Sellah akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Mama, hilo ni swali zuri. Hiyo punje iliyobadilika haibadilishwi kila mara wanapotengeneza chanjo. Bakteria wanaofugwa kwa kazi hiyo, maagizo yao yenyewe ya kutengeneza sumu yana badiliko hilo. Kwa hiyo hutoa ile isiyouma. Halafu kila fungu la chanjo hupimwa kabla ya kutoka kiwandani. Na chanjo za aina hii zimepewa watoto wengi mno, nchi nyingi, kwa miaka mingi."

"Na mtoto hatapata hata joto?"

"Anaweza kupata joto kidogo, na paja likamuuma. Ni askari wake wako kazini. Lakini akipata joto kali au akikataa kunyonya, usingoje, mlete hapa. Na tukimaliza kumdunga, mtakaa kidogo nimtazame."

Kukhu Sellah aliifunga leso yake vizuri.

"Hawa wote wawili," Kukhu alisema hatimaye, akimwonyesha muuguzi kisha Nyaruai, "hawakuniambia ni kitu kisicho na shida. Huyu kasema hajui. Huyu kasema mtoto anaweza kupata joto. Mtu akitaka kukudanganya haongei hivyo. Nyambu, lete mtoto."

Alimshika Linet mwenyewe. Linet alilia kwa hasira sindano ilipoingia, kisha akanyamaza ghafla alipouona mnyororo wa saa ya Hillary. Nyuma yao Nasambu alikuwa tayari amemfungua wake mgongoni, na mlangoni kina mama wawili wa upande wa mtoni walikuwa wakivua viatu.

Jumamosi ukumbi wa shule ile ya Bungoma ulijaa pomoni. Kulikuwa na mitambo ya kuvuna maji, taa za jua na majiko ya kila namna. Mukhisa alisimama mbele ya waamuzi, kijiti kikitikisika mkononi. Nyaruai alisimama nyuma yake, kazi yake ikiwa kushikilia ubao usianguke. Alidhani ingemuuma. Badala yake, kila Mukhisa alipofika mahali pagumu na kupavuka, yeye ndiye aliyepumua.

Alipomaliza, mwamuzi mmoja, mama aliyekuwa daktari, alimwuliza, "Maelezo yako ni mazuri. Sasa, mzazi akikuambia hataki mwanawe atiwe sumu, utamjibu nini?"

Mukhisa alifikiri. Kisha akamgeukia Nyaruai. "Hilo naomba ajibu mwenzangu. Mimi jana nilikuwa nikifanya mazoezi shuleni kwetu. Yeye alikuwa huko Kabuchai, akilijibu lenyewe."

Waamuzi walitazamana, na yule daktari akaitikia kwa kichwa. Nyaruai aliacha ubao. Alisimulia yote: jinsi alivyowatisha watu wa shangazi yake ili waone anajua, jinsi kliniki ilivyokosa watoto, na jinsi alivyorudi na mikono mitupu akatumia mahindi, haragwe na muwa. Hakuificha hata ile sehemu aliyosema hajui.

"Nao walikubali?" daktari aliuliza.

Kabla Nyaruai hajajibu, sauti ilitoka nyuma ya ukumbi. "Tulikubali! Mtoto ndiye huyu hapa, hata joto halikumpata!"

Watu waligeuka. Kukhu Sellah, aliyekuja pamoja na Shangazi Nyambu, alikuwa amesimama juu ya benchi, leso yake nzuri mabegani, akimwinua Linet juu ili kila mtu amwone. Linet alikuwa akitafuna kidole bila habari. Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi.

Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na shule moja ya Sirisia iliyobuni kifaa cha kukausha mahindi wakati wa mvua. Nyaruai na Mukhisa walikuwa wa pili.

"Ati wa pili?" Kukhu Sellah aliuliza kwa sauti. "Hao waamuzi wamekaguliwa macho?"

"Shh, Mama!" Shangazi Nyambu alimvuta leso, lakini naye alikuwa akicheka huku anafuta machozi.

Nje, chini ya jua la adhuhuri, Mwalimu Chelagat aliwaita wanafunzi wake wawili kando.

"Nimefundisha miaka mingi," alisema, "na leo nimejivunia ninyi kuliko siku nyingine. Mukhisa, ulikuwa na nafasi ya kujibu swali lisilo lako, ukampa mwenye nalo. Nyaruai, wewe umejua jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui. Ukiwa na elimu, watu wanakuamini, na wakikuamini, maneno yako yanaweza kumfikisha mtoto kliniki au kumzuia. Kwa hiyo sema ukweli wote, siyo ule unaokupa sifa tu. Na pale unapokoma ujuzi wako, sema umekoma. Mtu hashuki heshima kwa kusema hajui."

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema Nyaruai.

Alimtafuta baba yake kwa macho. Bwana Kinyua, mtu wa maneno machache, alikuwa amesimama langoni, mahali ambapo kila aliyetoka lazima apite. Alikuwa akimshika mkono kila mmoja, walimu, wazazi, hata watoto wa shule za watu wengine.

"Habari yako," alikuwa akisema. "Mimi ni Kinyua. Ndimi baba yake Nyaruai."